Kibubu cha Karatasi

Mwaka 1972 kampuni ya Dischi Ricordi ya Milano ilitoa albamu ya kwanza ya kundi la Banco del Mutuo Soccorso. Jalada lake halikuwa na pembe nne kama majalada mengine. Lilikatwa kwa umbo la kibubu cha udongo, na kwenye tundu la kutumbukizia sarafu ulipenyezwa ukanda wa karatasi. Ukiuvuta, zinajitokeza sura za wanamuziki wenyewe. Ndani mna santuri ya vinanda: ndugu wawili, Vittorio na Gianni Nocenzi, wanapokezana ogani na piano, na juu yao inapaa sauti ya Francesco Di Giacomo, pande la mtu mwenye ndevu nyingi, ambaye Federico Fellini alimtumia katika filamu zake.

Jalada la namna hiyo ni gharama kiwandani na taabu dukani, kwa kuwa halisimami vizuri kati ya wenzake rafuni. Nyumbani nalo halikudumu. Ukanda ulipotea na karatasi ikachanika. Ndiyo maana leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, mkusanyaji akipata nakala ya toleo la kwanza huuliza habari za ukanda kabla ya kuuliza habari za mikwaruzo.

Muziki huu, ambao Waingereza na Waitalia waliuita roki progresivu, ulikuwa na maisha mafupi. Ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, ukashamiri kwa miaka mitano au sita, kisha kampuni zilizoulipia zikaupa mgongo. Vyuo vya muziki havikuuandika na maghala ya kampuni hayakuutunza vizuri. Tunaoujua leo kwa mapana yake, kutoka Birmingham mpaka Bucharest, tunaujua kwa sababu watu binafsi walikataa kuzitupa santuri zao, wakazilinganisha na kuziorodhesha. Yanayofuata ni historia yao kama ilivyo historia ya wanamuziki.

Chanzo cha yote ni dakika. Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika zilibeba kama dakika tatu mpaka tano kila upande. Tarehe 21 Juni 1948, katika hoteli ya Waldorf-Astoria jijini New York, kampuni ya Columbia iliwaonyesha waandishi wa habari santuri mpya ya vinili, LP. Ilizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kwa kuwa michirizi yake ilikuwa myembamba mno, upande mmoja ulichukua zaidi ya dakika 20. Columbia ilikuwa inawafikiria wapenzi wa simfonia, waliochoka kugeuza santuri kila muvmenti ikiwa katikati. Vijana waliopenda muziki wa dansi na roki waliendelea na santuri ndogo za wimbo mmoja mmoja, na kwa karibu miaka 20 LP yao haikuwa zaidi ya kapu la nyimbo fupi.

Mabadiliko yalionekana wazi Uingereza mwaka 1967. Novemba ya mwaka huo kundi la Moody Blues lilitoa albamu inayofuata siku moja tangu alfajiri hadi usiku, gitaa na okestra vikipishana. Baada ya hapo wanamuziki wakaanza kuutazama upande wa santuri kama shamba zima, si vishamba vitano. Mwaka 1971 Emerson, Lake & Palmer walijaza upande mmoja kwa wimbo mmoja, «Tarkus». Mwaka uliofuata Yes walifanya hivyo katika «Close to the Edge», na Genesis wakauachia wimbo wao wa dakika 23 karibu upande wote wa pili wa «Foxtrot». Jethro Tull walivuka mpaka uliobaki: «Thick as a Brick» ya mwaka 1972 ni wimbo mmoja tu kwa pande zote mbili, hivyo msikilizaji lazima anyanyuke katikati ya wimbo akageuze santuri. Jalada lake ni gazeti zima la kubuni la mji mdogo wa Kiingereza, lenye habari, matangazo na chemshabongo. Aliyenunua nakala siku hizo aliweza kulisoma gazeti tangu mwanzo hadi mwisho wakati sindano inatembea, na nadhani hilo ndilo lililokusudiwa.

Vyombo navyo vilichangia. Birmingham kulikuwa na karakana ya Streetly Electronics iliyotengeneza kinanda kiitwacho Mellotron. Chini ya kila kibao cha kinanda hicho upo ukanda wa sumaku uliorekodiwa noti moja ya fidla, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, ukanda unapita mbele ya kichwa cha kusomea kwa sekunde nane hivi, kisha unarudi mwanzo. Kilikuwa kizito, kilikwenda ovyo kwenye joto, na kilimpa kijana asiye na fedha ya kukodi okestra sauti ya okestra iliyo mbali, yenye ukungu. Hakuna sauti inayoutambulisha muziki huu upesi kuliko hiyo.

Tarehe 10 Oktoba 1969 kampuni ya Island ilitoa «In the Court of the Crimson King» ya kundi la King Crimson, ambalo miezi mitatu kabla lilikuwa limepiga Hyde Park mbele ya umati uliokuja kuwaona Rolling Stones. Mbele ya jalada hakuna jina la kundi wala la albamu. Kuna uso mmoja mwekundu unaopiga ukelele, macho yamegeukia pembeni, matundu ya pua yamepanuka. Ulichorwa na Barry Godber, kijana ambaye hakuwahi kuchora jalada jingine, kwani alifariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 1970, akiwa na miaka 24. Nakala za mwanzo zina lebo ya waridi katikati ya santuri, na waridi hilo lina maana kubwa kuliko urembo, kama nitakavyoeleza mbele.

Kampuni kubwa ziliona kwamba vijana wa vyuo wananunua LP na zikataka fungu lao. EMI ilianzisha chapa ya Harvest mwaka 1969, na Pink Floyd wakahamishiwa huko. Decca ilikuwa na Deram Nova, Pye ikaja na Dawn. Philips ilimpa Olav Wyper kazi ya kuunda chapa ya Vertigo, na mwaka uleule wa 1969 ikatoa santuri yake ya kwanza, «Valentyne Suite» ya Colosseum. Wyper alipohamia RCA alianzisha nyingine, Neon, iliyokufa baada ya albamu chache tu. Tony Stratton-Smith, aliyekuwa mwandishi wa michezo, alianzisha Charisma kwa ajili ya makundi aliyoyapenda mwenyewe, nayo ikawalea Van der Graaf Generator na Genesis wakati hawakuwa wakiingiza fedha.

Kati ya chapa hizo Vertigo ndiyo iliyowapagawisha wakusanyaji. Lebo ya upande wa kwanza haikuwa na maandishi ya nyimbo hata kidogo. Ilijaa mzunguko wa duara nyeusi na nyeupe, na santuri ikizunguka, duara hizo zinalivuta jicho kuelekea kwenye ncha ya katikati. Maelezo ya pande zote mbili yalibanwa kwenye lebo ya upande wa pili. Wahasibu wa Philips hawakuwa na subira ya milele: mwaka 1973 mzunguko uliondolewa, ikaja lebo yenye vyombo vya anga iliyochorwa na Roger Dean. Kwa hiyo mzunguko ulidumu miaka minne tu, na ndani ya miaka hiyo zilipita albamu za Black Sabbath zilizouzwa kwa wingi na albamu za makundi kama Cressida, Affinity na Gracious ambazo karibu hazikununuliwa. Lebo ni ileile, kiwanda ni kilekile, lakini bei za leo ziko mbali kama mbingu na ardhi, na kinachozitenga ni idadi ya watu waliopuuza mwaka 1970.

Roger Dean huyo ndiye aliyechora tembo wenye mabawa ya wadudu kwenye albamu ya kwanza ya Osibisa, mwaka 1971. Osibisa lilikuwa kundi la London lililoongozwa na Waghana kama Teddy Osei na Sol Amarfio, wakiwa pamoja na wenzao wa Karibiani. Jalada hilo lilitoka miezi kadhaa kabla ya Dean kuchora lake la kwanza kwa Yes. Sanaa ya majalada tunayoihusisha na visiwa vinavyoelea angani vya Yes ilishapita kwanza kwenye ngoma na tarumbeta za Afrika Magharibi, na wanaoandika historia ya majalada haya hulitaja jambo hilo kwa haraka kuliko linavyostahili.

Italia ndiko hadithi inakopata utajiri wake. Waitalia waliwapenda Waingereza hawa kabla Waingereza wenyewe hawajawapenda. «Pawn Hearts» ya Van der Graaf Generator, albamu ngumu ambayo kwao haikufua dafu, ilipanda hadi namba moja Italia mwaka 1972. Genesis walijaza kumbi za Italia wakati Uingereza bado walikuwa wanapiga kwenye kumbi ndogo za vyuo. Sababu si fumbo. Taifa hilo lilikuwa limekulia kwenye opera. Wimbo wa dakika 20 wenye sehemu za kupanda na kushuka, huzuni na vishindo, haukuwa mgeni masikioni. Na kampuni iliyotoa kibubu cha Banco ilikuwa tawi la nyumba ya Ricordi, iliyoanzishwa mwaka 1808 na iliyochapisha kazi za Verdi na Puccini.

Mwaka 1971, kwenye tamasha la muziki mpya huko Viareggio, washindi walikuwa watatu kwa pamoja: mwimbaji Mia Martini, kundi la Osanna kutoka Napoli, na Premiata Forneria Marconi, ambao kila mtu huwaita PFM. Wanamuziki wa PFM walikuwa mafundi wa studio waliokwisha kupiga kwenye santuri za watu wengine kwa miaka. Jina walilitoa kwenye tanuri la mikate. Januari 1972 walitoa «Storia di un minuto» kwenye chapa ya Numero Uno, iliyokuwa ya mtunzi wa mashairi Mogol na mwimbaji Lucio Battisti, na kabla ya mwaka kwisha wakaongeza ya pili. Greg Lake wa Emerson, Lake & Palmer aliwasikia akawachukua, na Pete Sinfield, mtunzi wa mashairi ya King Crimson, akawaandikia maneno ya Kiingereza kwa ajili ya toleo la kimataifa la mwaka 1973. Le Orme wa Venezia nao walipata bahati kama hiyo: «Felona e Sorona» yao ilitoka London kwa maneno ya Peter Hammill wa Van der Graaf Generator. Mimi hupenda matoleo ya Kiitaliano zaidi. Sauti zinatulia kwenye irabu zake, na muziki ulitungwa kwa kufuata irabu hizo.

Haukuwa wakati wa amani. Desemba 1969 bomu lililipuka benki katika Piazza Fontana, Milano, na miaka iliyofuata ilijaa risasi na maandamano. Julai 1971 onyesho la Led Zeppelin katika uwanja wa Vigorelli lilivunjika kwa mapambano ya polisi na vijana, moshi wa machozi ukatanda jukwaani. Siasa iliingia hata ndani ya majalada. Kundi la Area lilipotoa «Arbeit macht frei» mwaka 1973, kampuni ya Cramps ya Gianni Sassi iliweka ndani ya jalada bastola ya karatasi ngumu. Mwimbaji wa Area, Demetrio Stratos, alizaliwa Alexandria, Misri, kwa wazazi Wagiriki, na aliichunguza sauti ya binadamu kwa undani ambao wanamuziki wachache wa roki wameufikia. Alifariki New York Juni 1979, akiwa na miaka 34, na tamasha lililopangwa Milano kumchangia fedha za matibabu likageuka kuwa la kumwombolezea. Bastola ya karatasi imepotea katika nakala nyingi. Iliyo nayo ni ya thamani nyingine kabisa.

Museo Rosenbach walipata matatizo ya aina yake. «Zarathustra», waliyoitoa mwaka 1973, ni moja ya albamu zenye nguvu kuliko zote za Italia, lakini katika picha za jalada ilikuwamo sanamu ya kichwa cha Mussolini. Tuhuma za ufashisti zikawaandama, nyimbo hazikupata nafasi redioni, na kundi likavunjika bila kutoa albamu ya pili. Il Balletto di Bronzo wa Napoli walitoa «Ys» mwaka 1972, santuri ya giza ambayo kwangu haina mpinzani, na nao wakaishia hapo kwa miaka mingi. Semiramis walikuwa vijana ambao baadhi yao hawajafikia umri wa kupiga kura. Albamu moja ya mwaka 1973, kisha kimya. Ukizipanga rafuni unaona desturi: kundi moja, santuri moja. Kampuni zilikuwa zikitafuta PFM mwingine. Zilirekodi upesi, zikachapa nakala chache, zikasubiri mwezi mmoja au miwili, zikaenda kwa kundi linalofuata.

Ujerumani niipitie kwa haraka zaidi, kwa kuwa imeandikwa sana. Kule vijana hawakutaka kuwaiga Waingereza wala kurudi kwenye nyimbo za wazazi wao. Can walichapa nakala 500 tu za «Monster Movie» mwaka 1969 kabla ya kampuni ya Liberty kuitoa rasmi. Toleo la kwanza la Tangerine Dream, mwaka 1970, lilikuwa na puto ndani yake. Faust mwaka 1971 walitoa santuri isiyo na rangi ndani ya jalada lisilo na rangi, juu yake picha ya eksirei ya ngumi. Ufaransa nako Christian Vander wa kundi la Magma alibuni lugha nzima ya kuimbia.

Upande wa mashariki mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa mwenye kampuni alikuwa serikali. Kila nchi ilikuwa na kampuni yake: Supraphon Prague, Hungaroton Budapest, Polskie Nagrania Warsaw, Amiga Berlin Mashariki, Electrecord Bucharest. Mhariri wa kampuni alisoma maneno ya wimbo kabla ya mpiga gitaa kuingia studio. Hata hivyo zilitoka kazi kubwa. Omega wa Hungaria waliweza kutoa albamu mwaka 1972 yenye jalada la bati. Phoenix wa Romania walirekodi «Cantafabule», albamu ya santuri mbili kuhusu wanyama wa hekaya, ikatoka mwaka 1975. Miaka miwili baadaye wanamuziki wa kundi hilo walitoroka nchi wakiwa wamejificha ndani ya maboksi ya spika zao, wakavuka mpaka wa Yugoslavia. Nakala za «Cantafabule» zilibaki Romania, kwenye nyumba za watu.

Kuanguka kulikuja kwa hatua. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta kwa Marekani na baadhi ya washirika wake. Vinili hutengenezwa kwa mazao ya petroli, na ghafla viwanda vya santuri vikakosa malighafi. Santuri zikawa nyembamba, na zile zisizouzika zilisagwa zikachanganywa na vinili mpya. Fedha ilipokuwa haba, la kwanza kukatwa lilikuwa jalada la gharama na kundi lisilouza. Mwaka 1976 na 1977 ikaja panki kutoka London na New York, na vijana wapya wakaona aibu kumiliki nyimbo za dakika 20. Kisha Sony na Philips wakaleta CD, Japani Oktoba 1982 na Ulaya mwaka uliofuata. Philips, mwenye Vertigo, ndiye aliyesaidia kuua chombo ambacho Vertigo iliandikwa juu yake. Watu walipeleka santuri zao kwenye maduka ya mitumba kwa mabegi, na waliopita nyuma yao wakianza kuchagua walikuwa wachache.

Baadhi ya hao wachache walikuwa wanamuziki. Tarehe 12 Machi 1978 kundi la Henry Cow liliwaalika wenzao kutoka Italia, Sweden, Ubelgiji na Ufaransa kwenye New London Theatre, wote wakiwa makundi ambayo kampuni hazikuyataka. Mwaka uleule mpiga ngoma wao, Chris Cutler, alianzisha Recommended Records, kampuni ya kuuza santuri za watu hao kwa njia ya posta. Mwaka 1979 Steven Stapleton na wenzake wawili, kwa jina la Nurse With Wound, walitoa albamu yao ya kwanza kwa nakala 500. Ndani yake waliweka karatasi yenye majina ya wanamuziki na makundi karibu 300, mengi ya Ulaya, yamepangwa bila maelezo yoyote. Hapakuwa na kampuni, mwaka wala nchi. Karatasi hiyo ikawa ramani. Kwa miaka mingi wakusanyaji walitembea nayo kutoka soko hadi soko, wakitafuta jina moja moja, na mtu aliyepata santuri ya kundi lililotajwa aliwapigia wengine simu, kisha akawarekodia kwenye kaseti.

Wajapani walikuja na fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya King Records ya Tokyo ilitoa upya albamu za Italia ambazo Italia yenyewe ilikuwa imezisahau, zikichapwa kwa uangalifu na majalada yake yakirudiwa kama yalivyokuwa. Baada ya kuzisikia hizo, wanunuzi wa Kijapani wakataka zile za asili, na bei ikaanza kupanda Roma na Milano. Wauzaji wa Kiitaliano walishangaa, kisha wakaanza kufungua tena maboksi yaliyokuwa stoo. Vitabu vikafuata: Julian Cope aliandika juu ya Wajerumani mwaka 1995, na ndugu wawili wa Leicester, Steven na Alan Freeman, wakatoa kamusi yao nene ya makundi ya Kijerumani mwaka 1996. Wote walikuwa wakusanyaji kabla ya kuwa waandishi. Mwaka 2000 ukaanzishwa mtandao wa Discogs, na maarifa yaliyokuwa vichwani mwa watu na kwenye madaftari yakaanza kuingizwa hapo, toleo kwa toleo.

Asiyekusanya huuliza: kwa nini toleo la kwanza, na muziki ni uleule? Jibu liko kwenye mfereji wa santuri. Santuri inazunguka kwa kasi isiyobadilika, lakini ukingo wa nje unapita chini ya sindano kwa karibu nusu mita kwa sekunde, na karibu na lebo ni sentimita 20 hivi tu. Mawimbi yaleyale ya sauti lazima yabanwe kwenye nafasi ndogo zaidi, na ndipo sauti inapoanza kukwaruza. Sasa fikiria muziki ambao kila wimbo wake mrefu unafikia kilele mwishoni, yaani palepale pabaya. Kuchonga upande wa dakika 23 unaoishia kwa vishindo kulihitaji fundi mwenye sikio na ujasiri. Fundi alichonga sahani laini, ikapakwa metali, zikatolewa nakala za metali za kukandamizia vinili, na kila nakala ya metali ilichakaa kadiri ilivyotumika. Santuri za mwanzo zilitoka kwenye metali kali. Za mwisho kwenye metali iliyochoka.

Ndiyo maana mkusanyaji huinamisha santuri kwenye taa na kusoma eneo lisilo na muziki, kati ya mwisho wa mfereji na lebo. Hapo pamechongwa namba zinazoonyesha ni mchongo wa kwanza au wa tatu, na mara nyingine alama ya fundi. George Peckham, mmoja wa wachongaji mahodari wa London, aliandika jina lake la utani, Porky, na kwa wanaojua, neno hilo ni dhamana. Kwenye «The Dark Side of the Moon» ya Pink Floyd ishara iko kwenye lebo: nakala za awali kabisa za Uingereza zina pembetatu iliyojazwa buluu, zilizofuata zina mistari tu.

Lebo ya waridi ya King Crimson ilikuwa na uzito zaidi ya huo. Kanda ya asili ya albamu ile, iliyochanganywa mwaka 1969, ilipotea. Matoleo mengi yaliyofuata, pamoja na CD, yalitengenezwa kwa nakala za kanda, na kila nakala inapunguza kitu. Kwa zaidi ya miaka 30 santuri za kwanza za Island zilikuwa njia ya karibu zaidi ya kusikia walichokisikia wanamuziki studio. Waliosema hivyo waliambiwa wanajipendekezea vitu vyao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kanda ilionekana katika hifadhi ya kampuni ya Virgin, ikatumika kwa toleo la mwaka 2004, na wenye lebo ya waridi wakathibitika kuwa walikuwa wanasikia sawasawa.

Bei zilipopanda, bandia zikaja, na wakati mwingine hutofautiana na za asili kwa uzito wa karatasi na mwandiko wa namba tu. Viwanda navyo vilirudi. Kile cha Loděnice, karibu na Prague, kilichoanza kuchapa santuri mwaka 1951 chini ya serikali ya kikomunisti, hakikuitupa mitambo yake wakati wengine walipoiuza kama vyuma chakavu. Leo, kwa jina la GZ Media, kinachapa santuri nyingi kuliko kiwanda kingine chochote duniani, zikiwamo nyingi za hizi za miaka ya 1970 zinazotolewa upya.

Faida kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile iliyowafikia wanamuziki ambao hawakuwa na santuri ya kukusanywa. Biglietto per l'Inferno, kundi la Lecco kaskazini mwa Italia, lilitoa albamu moja mwaka 1974 kwenye chapa ndogo ya Trident. Walirekodi ya pili, «Il tempo della semina», lakini Trident ikafilisika kabla ya kuichapa. Kundi likasambaratika na mwimbaji wake, Claudio Canali, akawa mtawa. Ile ya kwanza iliendelea kupita mikononi mwa wakusanyaji, Italia na Japani, na kila aliyeisikia aliuliza kama kuna nyingine. Waliuliza kwa karibu miaka 18, mpaka kanda zikatafutwa, na mwaka 1992 albamu ya pili ikatoka.